Barua ya wazi kwa Ross Bjork: Ulinzi wa Ohio State unahitaji mwalimu

Columbus, Ohio
4 Februari 2025

Kwa Bwana Ross Bjork,
Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo Kikuu cha Ohio State.

YAH: UTEUZI WA MRATIBU MPYA WA ULINZI

Bwana Mkurugenzi,

Hongera kwa ubingwa wa futiboli ya vyuo. Usiku ule wa tarehe 20 Januari kule Atlanta, Notre Dame walipolala 34 kwa 23, Columbus haikupata usingizi, na furaha yake bado haijatutoka. Lakini kabla Januari haijaisha, Jim Knowles, aliyeuongoza ulinzi wetu misimu mitatu, akafungasha virago kwenda Penn State. Juzi tukasikia Chip Kelly, aliyekuwa akiongoza mashambulizi, naye anakwenda Las Vegas Raiders ya ligi ya kulipwa. Hilo la mashambulizi nawaachia wengine walisemee. Nakuandikia kuhusu ulinzi, kwa kuwa katika jambo hili chuo kimewahi kukosea na kimewahi kupatia, na naogopa kwamba kwa haraka ya kuziba pengo tutasahau kilichotufanya tupatie.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mjini hapa tupo wengi tunaoifuata timu hii na kuzungumza Kiswahili majumbani: Wakongomani, Wakenya, Wasomali waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma. Watoto wetu wanavaa fulana nyekundu na kijivu kama watoto wengine wa Ohio. Barua ya wazi ni ya wengi, na hawa nao wana haki ya kujua umeombwa nini.

Kwa ajili yao nieleze kidogo, maana aliyezoea soka anaweza kudhani mratibu wa ulinzi ni msaidizi tu wa kocha. Katika futiboli ya Kimarekani wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili mbalimbali, kila kimoja na wachezaji wake 11, na kikosi cha ulinzi kina bosi wake. Wapinzani wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kabla ya kila jaribio bosi huyo huamua nani amvamie mpiga pasi, nani abaki nyuma, nani ambane nani. Jaribio likiisha, anaanza tena, na hali huwa hivyo mechi nzima.

Tangu msimu wa 2024 vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mlinzi mmoja aliyeko uwanjani, mwenye alama ya kijani kisogoni. Mratibu anamweleza mpango, naye anawapa wenzake. Ila saa ya kila jaribio ikibakiza sekunde 15, redio inakatwa. Kuanzia hapo kijana wa miaka 20 au 22 amebaki na akili yake mwenyewe. Wapinzani wanabadilisha mkao, mmoja anahama kutoka kushoto kwenda kulia, na yeye anatakiwa aone, aelewe, apaze sauti, awapange upya wenzake kumi kabla mpira haujarushwa. Atakachofanya katika sekunde hizo ni kile alichofundishwa katikati ya wiki. Tena hafundishwi kutwa nzima: kanuni za michezo ya vyuo zinampa saa 20 tu kwa wiki wakati wa msimu, na saa nyingine ana masomo kama mwanafunzi yeyote.

Ndiyo maana nasema unayemtafuta ni mwalimu. Mbinu zote za ulinzi ziko kwenye video, na makocha wote wa nchi hii wanazitazama. Kuziingiza vichwani mwa vijana 11 ndani ya saa 20, mpaka wazifanye redio ikiwa imezimwa, ni kipaji cha wachache, na hakionekani kwenye orodha ya timu ambazo mtu amewahi kufanyia kazi.

Niruhusu nikukumbushe yaliyotokea kabla hujafika, maana ofisi hiyo umeipokea kwa Gene Smith katikati ya mwaka jana tu. Ryan Day alipoanza kuwa kocha mkuu mwaka 2019, ulinzi ulikuwa mikononi mwa Jeff Hafley na Greg Mattison. Ulikuwa imara, na baada ya msimu mmoja Hafley akaitwa Boston College kuwa kocha mkuu. Akaletwa Kerry Coombs kutoka Tennessee Titans. Januari 2021 Alabama wakatufunga 52 kwa 24 katika fainali, na DeVonta Smith akaweka tachidauni tatu, yaani mara tatu akaufikisha mpira nyuma ya mstari wetu wa mwisho, kabla ya mapumziko. Septemba mwaka huohuo Oregon wakaja hapahapa Columbus, wakakimbia yadi 269, wakashinda 35 kwa 28. Msimu haujafika mbali Coombs akanyang'anywa kazi ya kupanga mchezo, akapewa Matt Barnes. Novemba, Michigan wakatukimbilia yadi 297, Hassan Haskins akafunga mara tano, na tukapoteza 42 kwa 27. Hawakuwa wametufunga tangu 2011.

Sikubaliani na wanaomtaja Coombs kama mzembe. Alikipenda chuo hiki, na vijana wengi wanaocheza pembeni katika ligi ya kulipwa walipita mikononi mwake. Mimi namtazama Zach Harrison, kijana wa Ohio aliyeingia mwaka 2019 na kumaliza 2022. Katika miaka minne ya chuo, sauti iliyokuwa ikimpangia mchezo ilibadilika mara tatu: Hafley na Mattison, Coombs, Barnes, kisha Knowles. Kila bosi ana majina yake ya mbinu, ishara zake, na namna yake ya kumtaka mchezaji asimame, aangalie nini kwanza, aanze na mguu upi. Kijana anayewaza majina hawezi kukimbia kwa kasi aliyojaliwa, na katika mchezo huu nusu hatua inatosha mshambuliaji kukuponyoka. Wengi walioona ulinzi wa 2021 ukichelewa kufika walisema vijana ni wavivu. Walikuwa wamechanganywa, na waliowachanganya ni watu wazima.

Halafu akaja Knowles kutoka Oklahoma State kwa mshahara wa dola milioni 1.9. Msimu wake wa kwanza uliishaje? Tarehe 26 Novemba 2022 Michigan walikuja hapa wakashinda 45 kwa 23, na tano kati ya tachidauni zao zilikuwa za masafa ambayo mtu hapendi kuyakumbuka: yadi 69, 75, 45, 75 na 85. Alikuwa ameacha nyuma wazi akijaribu kuvamia mbele. Baadaye Georgia wakatoka nyuma wakatuondoa kwa 42 kwa 41. Wengi wetu tulitaka aondoke siku hiyohiyo. Hakuondolewa, na kwangu mimi huo ndio uamuzi wa maana kuliko yote katika habari ya ubingwa huu.

Mwaka uliofuata alipunguza pupa. Akaacha watu nyuma, na ulinzi wake ukawa miongoni mwa ulinzi uliofungwa pointi chache zaidi nchini. Oktoba 2024 Oregon walipotushinda 32 kwa 31 kwa pasi za Dillon Gabriel, yeye na wasaidizi wake walikaa wakaichambua kazi yao upya, na vijana waliweza kupokea mabadiliko katikati ya msimu kwa sababu msingi walikuwa nao tayari. Wiki tatu baadaye, kule State College, Penn State walipata jaribio la kwanza wakiwa yadi 3 tu kutoka kwenye mstari wetu. Wakajaribu mara nne. Hawakupita, tukashinda 20 kwa 13. Hata siku ile chungu ya Michigan, tulipopoteza 13 kwa 10 na watu wakataka Day afukuzwe, ulinzi uliruhusu pointi 13 tu. Waliokwama walikuwa washambuliaji.

Na ile ya Texas, Januari 10! Tunaongoza 21 kwa 14, zimebaki dakika chache, na wao wako yadi moja. Jaribio la kwanza walisukuma katikati, wakagonga ukuta. La pili wakatupa mpira pembeni, walinzi wetu wakafika kabla ya mkimbiaji kugeuka, wakamrudisha yadi 7. La tatu, pasi haikushikwa. La nne, Jack Sawyer akamfikia Quinn Ewers, mpira ukaanguka, akauokota na kukimbia yadi 83 hadi upande wa pili. Sawyer ni mtoto wa Pickerington, mji wa jirani tu hapa. Aliingia chuoni mwaka 2021, akauonja msimu ule wa vurugu, kisha akakaa miaka mitatu chini ya mwalimu mmoja. Watu wanazikumbuka mbio zake. Mimi nakumbuka zaidi lile jaribio la pili, kwa sababu hakuna shujaa mmoja pale: ni watu kadhaa walioona kitu kilekile kwa wakati mmoja na kwenda mahali pamoja. Mwisho wa msimu hakuna ulinzi nchini uliofungwa pointi chache kuliko wetu, 12.9 kwa mechi, wala ulioruhusu yadi chache, 254.6.

Sasa, Bwana Mkurugenzi, wanane kati ya walioanza katika kikosi kile wanaondoka. Sawyer anaondoka, JT Tuimoloau anaondoka, Tyleik Williams, Cody Simon, Denzel Burke, wote. Wanabaki Caleb Downs, Sonny Styles na Davison Igbinosun, pamoja na wadogo waliokuwa benchi wakijifunza. Ombi langu la kwanza ni hili: yeyote atakayekuja, na ajifunze yeye lugha ya vijana hawa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu mmoja mwenye uzoefu wa miaka ishirini anaweza kukariri majina mapya ya mbinu kwa majira mamoja ya baridi. Tusiwalazimishe makumi ya wanafunzi kuyafuta waliyoyajua ili kumrahisishia mkubwa mmoja. Simaanishi aje kunakili. Alete jicho lake, abadilishe yanayostahili kubadilishwa, ila ajenge juu ya ghorofa lililopo.

La pili linafuatana na hilo. Waratibu wapya hupenda kuja na watu wao. Larry Johnson amefundisha safu ya mbele hapa tangu 2014. Tim Walton, James Laurinaitis na Matt Guerrieri wanawajua vijana hawa kwa majina ya mama zao. Isainiwe mapema kwamba wanabaki. Na kama mmoja wao anafaa kupandishwa, asinyimwe kwa kuwa tu jina la nje lina kishindo. Simfanyii mtu kampeni. Akitokea mtu wa ligi ya kulipwa mwenye subira ya mwalimu, karibu sana. Ila aulizwe wazi atafundishaje watu wenye saa 20 kwa wiki, maana huko alikotoka wachezaji ni watu wazima ambao mpira ndio kazi yao.

La tatu, wasikilizwe wachezaji kabla ya kalamu kugusa karatasi. Downs alikuwa Alabama. Kocha wake huko, Nick Saban, alipostaafu Januari 2024, ndipo kijana yule akaja kwetu. Tulinufaika na kuondoka kwa kocha wa wenzetu, basi tusijifanye hatujui yanaweza kutupata na sisi. Day ndiye atakayechagua, hilo naliheshimu, lakini mkataba unapita mezani kwako. Kaa na Downs, Styles na Igbinosun. Waulize nini kiliwasaidia wakaelewa baada ya Oregon, na nini wanaogopa kupoteza.

Kuhusu fedha nisiseme mengi. Clemson walimchukua Tom Allen kutoka Penn State, Penn State wakamchukua Knowles kutoka kwetu kwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, na sasa sisi tutamchukua wa mtu mwingine. Mnyororo huu huwezi kuukata peke yako. Unachoweza ni kuhakikisha mkataba mpya unampa mtu miaka ya kutosha kufundisha, na kwamba wewe mwenyewe utasimama hadharani kumtetea baada ya mechi mbaya ya kwanza. Itakuja. Siku hiyo simu zitapigwa, mimi nikiwa miongoni mwa wenye hasira, na watu watataka mbuzi wa kafara kabla ya jua kuchwa. Tafadhali tukatalie, kama chuo kilivyotukatalia mwaka 2022.

Ninalo pia ombi kwa mashabiki wenzangu, na naliweka hapa ili ulione. Knowles atarudi Columbus tarehe 1 Novemba akiwa upande wa Penn State. Asizomewe. Amewafundisha watoto wetu vizuri, kisha akaenda jimbo alikozaliwa. Kumchagua mrithi wake kwa nia ya kumkomoa itakuwa kuwatwisha wanafunzi ugomvi usiowahusu.

Mazoezi ya majira ya kuchipua yanaanza Machi, na tarehe 30 Agosti Texas watakuwa hapa, wakiwa na kumbukumbu zao za ile yadi moja. Muda wa kumtafuta mtu ni mfupi kuliko tulivyozoea, kwa sababu tulicheza hadi tarehe 20 Januari. Utakapomtangaza, nakuomba utueleze pia atayaendeleza yapi kati ya waliyokwisha kujifunza vijana, nani kati ya wasaidizi anabaki, na amepewa miaka mingapi.

Wako kwa heshima,

Mkazi wa Columbus na shabiki wa Ohio State