Silicon Savannah Bila Silikoni? Tuache Mchezo

Ati sisi ni Silicon Savannah. Sawa. Sasa mbona kila siku naona mtu akiwaambia vijana waachane na kemia, wajifunze kuandika programu pekee? Ati kemia ni ya kukariri na haina doo. Mimi nakataa. Hiyo simu umeshika ni kemia mwanzo mwisho, na siri yake iko kwa uso wa silikoni.

Skiza. Ndani ya silikoni, kila atomi imeshikana na zingine nne. Zile za juu kabisa, pale usoni, zimekosa za kushika. Mikono inabaki hewani, elektroni zikipita zinanaswa. Mwaka wa 1945 William Shockley, pale Bell Labs Marekani, alijaribu kuongoza umeme ndani ya semikondakta akiwa nje, ikakataa. Mwenzake John Bardeen akaeleza: elektroni zimekwama usoni.

Nani alituliza huo uso? Mwafrika. Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri. Mwisho wa miaka ya 1950, yeye na timu yake Bell Labs waliotesha ngozi nyembamba ya oksidi juu ya silikoni kwa joto kali. Ile mikono ikapata cha kushika. Kisha yeye na Dawon Kahng, Mkorea, wakaunda transista ya MOSFET, wakaionyesha 1960. Wajukuu wake wako kwa simu yako saa hii, mabilioni.

Na kazi haikuishia hapo. Ile ngozi ilipunguzwa hadi nanomita 1.2 hivi, atomi chache tu, umeme ukaanza kuvuja. Mwaka wa 2007 Intel ikaleta ngozi yenye hafniamu. Nani aliokoa jahazi? Kemia tena.

Hapa kwetu Semiconductor Technologies Limited iko Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Wafanyakazi wake watatoka wapi, kama kuna shule mwalimu anachora jaribio ubaoni kwa sababu maabara ni tupu?

Programu ni poa, sipingi. Lakini programu hukaa juu ya chipu, na chipu hukaa juu ya kemia. Tukiruka hiyo ya chini tutabaki wateja wenye jina tamu.

Kwa hivyo mwenye anakuambia kemia haina maana, mwambie aweke simu chini kwanza, ndiyo muongee.