Ukicheza Gemu, Kumbuka Simu Ndiyo Pochi Yako

Juzi nilipanda boda kutoka Lurambi hadi Kakamega mjini. Kufika, nikatoa simu nimlipe jamaa. Imezima! Nilikuwa nimetoka kucheza raundi tatu za Call of Duty Mobile na marafiki. Nikamwambia pesa iko kwa simu. Akanijibu, "Sasa boss, mimi nitaweka mafuta na simu yako?" Ilibidi anisubiri nichaji kwa kinyozi, huku mvua ya jioni ikianza na wateja wakichukuliwa na wenzake. Shilingi hamsini yangu ilimgharimu zaidi ya hamsini.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wengi wetu tumezoea kutoka nyumbani bila hata noti moja. Ni sawa, lakini simu ikizima, nauli hakuna. Hata kwa wakala huwezi kutoa pesa, ingawa kitambulisho kiko mkononi.

Kuna wale watasema, "Wacha gemu." Mimi sikubaliani nao. Pia sidhani kila mtu ana pesa ya kununua pawabanki. Maoni yangu ni haya: asilimia 20 ya mwisho ya betri si ya gemu, ni ya pesa. Ikifika hapo, toka, hata kama timu inakulilia.

Gemu za wachezaji wengi hula betri kwa sababu kazi tatu hufanyika kwa pamoja: skrini inawaka muda wote, prosesa inachora picha bila kupumzika, na simu inawasiliana na seva kila wakati. Mahali ambapo netiweki ni dhaifu, simu hutumia nguvu zaidi kuitafuta. Kwa hivyo:

- Punguza mwangaza wa skrini.
- Kwenye mipangilio ya gemu, shusha ubora wa picha na idadi ya fremu, kwa mfano kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde. Picha haitakuwa laini sana, lakini utacheza kwa muda mrefu zaidi.
- Zima maikrofoni ya gemu kama huongei.
- Tumia Wi-Fi yenye nguvu ikiwa ipo.
- Usicheze simu ikiwa kwa chaji. Joto huzeesha betri, na betri iliyozeeka huisha haraka.

Na ukiacha simu ichajiwe dukani, ifunge kwa nywila. PIN yako ya pesa usimpe mtu, hata kama ni rafiki mnayecheza naye kila siku.

Yule jamaa wa boda hakuwa na shida na gemu yangu. Alitaka tu haki yake. Ukipoteza mechi, utacheza nyingine kesho. Yeye alihitaji mafuta jioni hiyo hiyo.