Mtoto Hana Dunia Mbili

Kila picha ya mtoto wa jamii asilia za Australia ikizungushwa mtandaoni, maelezo chini yake ni yale yale: eti anaishi kati ya dunia mbili. Mkono mmoja mkuki, mwingine simu. Tunashangaa, tunabonyeza moyo, tunapita. Ni mshangao wa mtalii anayemwona moran akipokea M-Pesa na kudhani ameshuhudia muujiza.

Mtoto hana dunia mbili. Katika jangwa la kati la Australia, wasichana hupanda Toyota na mama na nyanya zao, hushuka na vyuma vya kuchimbia, hufuata nyayo za kenge hadi shimoni. Chini ya miti ya mulga huchimbua sisimizi waliofura asali tumboni, tamu kuliko peremende yoyote ya duka. Jioni ni mpira, ule wa Australia wenye umbo la yai, peku kwenye vumbi jekundu. Hiyo ni siku moja, ya mtoto mmoja. Na kusoma nyayo ni kusoma, hata kama hakuna mtihani wake.

Sasa nani alizigawa hizo dunia? Serikali, na kwa makusudi. Kuanzia takriban 1910 hadi 1970 watoto walinyakuliwa kutoka kwa wazazi wao ili wafanywe Wazungu. Februari 13, 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni, watu wakalia. Oktoba mwaka huo huo, serikali ya Northern Territory ikatangaza kwamba saa nne za kwanza za masomo kila siku ziwe kwa Kiingereza. Saa nne! Asubuhi yote hiyo, akili ikiwa bado mbichi. Lugha ya nyumbani ikaachiwa makombo ya mchana, wakati wa joto na usingizi. Radhi ya aina gani hiyo?

Najua jibu: bila Kiingereza hakuna kazi. Sawa, lakini nani alikataa Kiingereza? Shule za lugha mbili zilikuwapo huko tangu miaka ya 1970, na zilikifundisha. Ubishi ni kuhusu mlango gani mtoto aingilie. Yirrkala, Arnhem Land, Wayolngu waling'ang'ania lugha yao darasani, na mwaka 2020 wanafunzi wanane wakamaliza na alama za kuingia chuo kikuu, wa kwanza katika jamii yao. Waliosema lugha ya mama itawachelewesha wako wapi?

Na sisi tusijifanye wageni wa hii stori. Disk ilining'inizwa shingoni mwa wazazi wetu kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na kuna shule ambako bado inazunguka. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyesimama bungeni kuomba radhi, na wengi wetu tukipigiwa simu na shosho tunamjibu kwa Kiswahili cha Nairobi, yeye anacheka tu, halafu anauliza kama tumekula.