Michoro ya Dar es Salaam Isipotee

Historia ya Dar es Salaam haimo katika majalada ya ofisi peke yake. Imo pia katika kanga za kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, na katika mabango yaliyobandikwa kutani. Lakini karatasi huliwa na mchwa, na kitambaa huchakaa.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inalinda nyaraka za umma. Hata hivyo, bango likishabanduliwa huhesabiwa takataka. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hapana budi kila ofisi na kila shule ivipige picha vitu hivyo, izihifadhi katika kumbukumbu ya kidijitali, na kuandika jina la mchoraji, mwaka na mahali. Picha isiyo na maelezo hayo ni sawa na jalada lisilo na namba: lipo, lakini halipatikani.