Pima Betri Kwanza

Ukipeleka simu inayokwama kwa fundi hapa Embu, utaambiwa: umeijaza, futa picha. Nilifuta, hadi za marehemu shosho. Wapi! Iliendelea kukwama nikituma pesa, na kuzima ikiwa na asilimia 30, matatu ya Meru ikiwa haijafika hata Chuka. Iliyoiponya ni betri mpya. Picha hazikurudi.

Betri ikizeeka haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, kwa hivyo simu inazima. Ndiyo maana mwaka wa 2017 Apple ilisasisha programu ya iPhone ili zenye betri kuukuu zipunguze kasi. Sawa, afadhali simu ya polepole kuliko iliyozima. Lakini mbona wenye simu hawakuambiwa? Mtu anadhani simu imekufa, ananunua nyingine, kumbe ni betri tu. Kwa kunyamaza huko, Ufaransa iliitoza Apple faini ya yuro milioni 25 mwaka wa 2020.

Na sisi je? Ulaya, tangu Juni 2025, betri ya simu mpya lazima ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Huku tunauziwa mtumba, betri ilishachoka kwingine, halafu lawama ni zetu. Sheria ya kulinda watumiaji tunayo tangu 2012. Itumike basi: hali ya betri iandikwe kando ya bei, na tuambiwe sasisho litapunguza nini kabla hatujakubali.

Na wewe fundi, pima betri kwanza. Shosho hapigwi picha tena.