Maabara Tulijenga Wenyewe, Kemikali Ziko Wapi?



Leo siongelei katiba wala tume ya uchaguzi. Naongelea testi tyubu moja. Usiondoke, utanielewa tu.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Mimi nilikuwa nakaribia kuingia kidato cha kwanza. Kijijini kwetu mtendaji alipita nyumba kwa nyumba na mgambo kukusanya michango. Baba hakuwa na hela, wakaondoka na baiskeli na jogoo. Baiskeli ilirudi. Jogoo mpaka leo. Jengo likasimama, mgeni rasmi akaja, akakata utepe, picha zikapigwa.

Kidato cha nne mwalimu wetu wa kemia (alikuwa peke yake shule nzima, simlaumu hata kidogo) akatufundisha kutengeneza esta. Ubaoni. Ethanoli inakutana na asidi ya ethanoiki, molekuli ya maji inatoka, vinavyobaki vinaungana kuwa ethaili ethanoeti. Bomba la maabara yetu halijawahi kutoa hata hiyo molekuli moja ya maji, lakini tuendelee. Tukakariri mlinganyo. Tukakariri hadi harufu! "Harufu tamu kama ya matunda," tuliandika darasa zima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinusa. Nikapewa vema.

Nilikuja kuinusa kidato cha sita, mkoa mwingine. Mililita 2 za ethanoli, mililita 2 za asidi ya ethanoiki, matone machache ya asidi kali ya salfuriki. Testi tyubu inawekwa ndani ya maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe, maana ethanoli inawaka. Unasubiri dakika chache, unamimina kwenye maji yenye sodiamu kaboneti ili asidi iliyobaki iishe nguvu. Povu likatoka, harufu ikaja, nikaropoka: mbona hii ni ile ya dada akifuta rangi ya kucha! Darasa likacheka. Wenzangu waliotoka shule za kulipia walishaijua zamani. Mtihani wa kidato cha nne tulifaulu sawa, ila mimi testi tyubu niliishika kama nimeshika nyoka.

Sasa wale watetezi wa serikali huwa wanakuja na jibu moja: nchi yetu bado maskini, vifaa ni ghali. Jamani! Mililita 4 na matone! Hata kijiko cha chai hakijai. Gari la mgeni rasmi lilikunywa mafuta mengi kuliko hayo lilipokuwa limesimama tu na kiyoyozi kinanguruma. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo chaki, karatasi, mitihani na ukarabati vinagombania. Kemikali inakaa wapi? Jengo linajengwa kwa sababu linapigwa picha. Chupa ya asidi haina utepe wa kukata, na ikiisha inabidi inunuliwe tena mwakani bila shangwe.

Halafu mtu huyo huyo anapanda jukwaani kusema vijana wa siku hizi hawapendi sayansi.

Kuna kamanda mmoja aliniambia hoja hii ni ndogo, tusubiri tushike dola. Nakataa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu sasa hivi, katika jengo lile lile la jogoo wa baba.

Kwa hiyo mkienda mkutano wa kijiji msiulize kama maabara ipo. Watasema ipo. Ulizeni mara ya mwisho kemikali kununuliwa ni lini, kwa shilingi ngapi, risiti iko wapi, na bomba linatoa maji au halitoi. Madiwani wetu wayapeleke maswali hayo hayo halmashauri, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.