Akikataa kitimoto mnanyamaza, akikataa nyama zote mnamtolea macho: shida yenu nini hasa?

Haya wadau, leo tuongee hili maana limenikaa kooni. Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni kwa sababu hajanituma nimsemee, wiki iliyopita kaposti sahani yake: wali wa nazi, mbaazi, mchicha wa karanga na vipande vya embe pembeni. Chini kaandika maneno machache tu, kwamba ana miezi kadhaa hali nyama na anajisikia vizuri. Basi. Hajamtukana mtu, hajasema wala nyama mtachomwa moto, wala hakuwa anauza kidonge cha kupunguza tumbo.

Mlichomfanyia sasa! "Dada kafulia huyo." "Bwana kaacha kuhudumia." "Kapewa masharti na mganga." Mwingine akaleta Freemason, maana hapa kwetu mjadala hauishi mpaka Freemason atajwe. Halafu akaja mmoja na ile iliyopigwa laiki kuliko zote: "Mwanamke hali nyama, akiolewa ukweni si atawalisha majani kama mbuzi?"

Kabla hamjanirukia, mimi nyama nala. Mishkaki ya jioni naijua, supu ya asubuhi naijua, na muuza kuku wa mtaani kwetu ananijua kwa jina. Kwa hiyo hapa sitetei tumbo langu. Ila kuna kitu tunawafanyia hawa watu ambacho hatumfanyii mtu mwingine yeyote aliyekaa mezani, na hakuna anayekisema.

Angalieni vizuri. Muislamu akikataa nguruwe, nani anamuuliza protini atapata wapi? Msabato akisema kambare hali kwa sababu hana magamba, tunamsogezea sangara na maisha yanaendelea. Mtu akisema ukoo wao una mwiko na mnyama fulani, tena wazee ndio wanaoitikia kwa heshima. Mjomba akisema daktari kamkataza nyama nyekundu kwa ajili ya gauti, meza nzima "pole mjomba, pole sana," na shangazi anakimbilia jikoni kumkaangia mayai. Mtu huyohuyo, sahani ileile. Sasa ngoja kijana wa miaka 26 aseme, "Mimi sili nyama, nimeamua tu." Hapo ndipo vita inapoanza. Umeamua? Nani kakwambia uamue? Unajifanya nani?

Kumbe tatizo halijawahi kuwa nyama. Mtu akikataa kwa amri ya dini, ya ukoo, ya daktari, hata ya mganga, tunamwelewa. Akikataa kwa akili yake mwenyewe, tunaona ametuvunjia heshima. Ndiyo maana vijana kibao siku hizi wanadanganya. Namjua dada mmoja ambaye kila akienda kwenye shughuli anasema ana vidonda vya tumbo. Hana vidonda popote. Kachoka tu kuhojiwa kama mshitakiwa wakati wenzake wanakula.

Na hiyo hoja ya protini, naomba tuiweke pembeni leo. Nusu yenu mliosoma bweni mmekula makande na ugali maharage kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita, nyama mkiiona kwa mahesabu, na mkatoka mmerefuka mpaka suruali zikawa fupi. Leo mmepata ajira mjini, maharage yamegeuka chakula cha mgonjwa? Nchi hii ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa maharage Afrika. Anayelima si mzungu. Kweli, mtu akiacha kila kitu cha mnyama, mpaka maziwa na mayai, inabidi aangalie vitamini B12, hiyo atafute vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Wengi wao wanalijua hilo kuliko ninyi mnavyojua kilichomo kwenye soseji. Na kwa kuwa tumegusa soseji: mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Siwatishi, mimi mwenyewe bado nakula. Nasema tu kwamba daktari wa komenti achague mgonjwa wake vizuri.

"Anaiga wazungu." Hii ndiyo inanichekesha kuliko zote. Mzungu gani kamfundisha bibi wa Tanga kupika mbaazi za nazi za kula na mahamri asubuhi? Kisamvu cha nazi, matembele, mlenda, kunde, njugu mawe, hivi vyote vililetwa na ndege kutoka London? Bajia na kachori unazogombania jioni pale kituoni vimetoka kwenye majiko ya Wahindi, na wapo kati yao watu wasiokula nyama kizazi hadi kizazi. Wako hapo Kisutu na Upanga toka enzi za babu zako, na hujawahi kusikia wameanguka barabarani kwa kukosa nguvu. Tena wakulima wa mbaazi wa Mtwara, Lindi na Babati wanajua habari za wala mboga kuliko sisi wa mjini: India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi mwaka 2017, bei huku kwetu iliporomoka mpaka watu wakaziacha shambani. Watu mnaowaita wala majani ndio walikuwa wanalipa ada za watoto wa Kusini.

Au nenda Ethiopia. Nchi yenye ng'ombe wengi kuliko zote Afrika, sio maskini wa mifugo wale. Waumini wa Orthodox kule hawagusi nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, achilia mbali Kwaresma yao ndefu. Ukijumlisha ni zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Hao nao wanaiga mzungu gani?

Kwa wanaume ndiyo balaa kabisa. Mwanaume akiagiza wali maharage bila nyama huku wenzake wamezunguka sinia la mbuzi choma, lazima atokee mmoja wa kumuuliza kama nyumbani mambo yanakwenda. Utani wa nguvu za kiume, kila siku uleule. Lewis Hamilton aliacha vyakula vya wanyama mwaka 2017 na baada ya hapo akaendelea kubeba ubingwa wa dunia wa Formula 1. Wakimbiaji wa Kenya wanaotunyanyasa kila Olimpiki wanakula nyama, sikatai, lakini chakula kinachowabeba ni ugali, sukuma wiki, maharage na chai ya maziwa. Wewe unayepanda ngazi mbili ukihema umebeba sahani ya makange, hebu tulia.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniuma, maana mengine yote ni kelele za mtandaoni.

Kuna jamaa mmoja, fundi simu, naye jina kapuni. Mpole, ana miaka mitatu hali nyama. Sababu zake anazijua mwenyewe na hajawahi kumhubiria mtu. Kapata mchumba, mambo yakaenda mbio, ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi huko Moshi. Akamtuma mshenga mapema: waambieni wazee kwa heshima zote kwamba mimi nyama situmii, nitakula chochote kingine watakachonijalia. Ukweni wakajibu hakuna shida, karibu mkwe.

Siku imefika, ndafu imekaa katikati, yeye kaletewa maharage na ndizi. Kala, kashukuru, kaongeza. Alivyomaliza tu, shemeji zake wakaangua kicheko: yale maharage yalipikwa kwa supu ya mbuzi. Walikuwa wanamrekodi na simu toka kijiko cha kwanza. "Si umekula? Umekufa?" Ile video ilizunguka kwenye kundi la familia mpaka ikamfikia mama yake mzazi.

Jamaa hakugomba. Aliaga vizuri, akapanda basi. Alichoniambia ni kwamba nyama haikumuuma kama alivyoumia kugeuka na kumwona mchumba wake naye anacheka, maana alijua toka jikoni. Hadi naandika hapa, mahari haijapelekwa. Upande wa pili wanasema kijana ana kiburi, anavunja uchumba kwa ajili ya mchuzi.

Mchuzi? Hebu badilisheni sahani tuone. Mtu amlishe Muislamu kitimoto kwa siri, amrekodi, halafu acheke. Hapo mngeenda polisi, na mngekuwa na haki. Lakini huyu kwa kuwa hakutumwa na msikiti wala kanisa, uamuzi wake ni kichekesho cha familia. Mtu aliyekwambia wazi hiki siweki mdomoni mwangu, ukakiweka mdomoni mwake kwa ujanja, unataka akuamini vipi siku akiumwa na wewe ndiye unayempikia uji?

Najua mtakachosema: wakwe walikuwa wanamkarimu, kwetu mgeni huchinjiwa. Naelewa kabisa. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo nyama ilikuwa ya Krismasi, Idi na siku mgeni mkubwa amekuja, na watoto tulipewa kipande kimoja na mchuzi mwingi. Tumepambana mpaka tumefika kuagiza kilo na nusu Ijumaa bila kuuliza bei. Halafu anatokea mtu anasema hapana asante. Inakuwa kama kaidharau ile njia yote tuliyopita. Hapo ndipo hasira inapotoka, na ningeheshimu zaidi kama watu wangesema hivyo kuliko kujificha kwenye protini. Lakini hiyo njia ni yako wewe. Yeye hajasema lolote kuhusu njia yako, kaomba maharage tu.

Wapo wala mboga wenye kero pia, wale wa kukuonyesha video ya machinjio ukiwa katikati ya tonge. Hao nawakwepa kama ninavyowakwepa wauza bima. Ila ni wachache, na hawapunguzi hata chembe ya tulichomfanyia yule fundi.

Kamati za harusi, hii ni yenu, maana msimu umeanza. Ukumbi wa watu 300 mnapanga aina tatu za nyama, samaki na kuku, halafu mboga za majani nazo mnatupia vipande vya nyama "zinoge", na maharage mnayapika kwa supu iliyobaki. Sufuria moja la maharage ya nazi lililopikwa peke yake, na kijiko chake cha kupakulia kisichotoka kwenye sufuria la nyama, gharama yake haifiki hata ya ile keki ya pembeni ambayo huwa haikatwi. Mpishi aambiwe mapema, siyo kwenye foleni. Na MC aache kumuita mtu mbele kumuuliza kwa nini sahani yake haina nyama. Nimeona hiyo mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili yule MC alikuwa ameshalipwa.